Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda China wawili kupumzika tu, sio mzigo, mlikaa mji gani na halali mlikula wapi?

mama_kontena
Assalaam aleykum wadau. Mimi nimeolewa mwaka wa kumi na moja huu na mume wangu anaenda China mara mbili kwa mwaka, na China yote ninayoijua mimi ni picha za godauni na video za vitasa vya milango "mke wangu angalia hiki kipo vizuri?". Safari ya mwezi wa nne nikamwambia naenda na wewe na zile siku nne za mwisho ni zangu, hakuna soko, hakuna sampo, simu ya wateja izimwe. Akaguna lakini akakubali.

Tulitoka Yiwu, ule mji wa soko la jumla anakochukulia mzigo, kwa treni ya kasi, haifiki hata saa moja upo Hangzhou, na nawaambia ukweli nilikasirika, yaani miaka yote mtu anapanga na kupangua mizigo pale na ziwa kama lile liko hapo jirani hajawahi kulitia macho! Xi Hu wanaliita, Ziwa la Magharibi, liko mjini kabisa, upande mmoja maghorofa na pande tatu milima ya kijani, na kuingia ni bure, hakuna geti la kukata tiketi, boti na ile minara ndo unalipia. Asubuhi saa kumi na mbili tunatoka hotelini tunakuta wazee wananyoosha viungo, wengine wanacheza dansi, na kuna babu mmoja ana brashi ndefu kama fagio anachovya kwenye maji anaandika herufi chini kwenye sakafu, akifika mstari wa tatu ule wa kwanza umeshakauka umepotea na wala hajali anaendelea. Mume wangu yule asiyeweza kukaa dakika kumi bila kushika simu alimwangalia yule babu karibu saa nzima. Mimi nikanyamaza kimya nisiharibu.

Kuna njia inakatiza katikati ya ziwa, Su Di, kama kilometa tatu kasoro, miti imeinamia maji kote, tuliitembea polepole mpaka mwisho. Siku ya tatu tukapanda vijiji vya chai vya Longjing, wanakutilia majani kwenye glasi wanamimina maji ya moto basi, mume wangu akauliza sukari, yule mama mwenye chai alicheka mpaka akakaa.

Chakula sasa. Msikiti wa Fenghuang upo Barabara ya Zhongshan, wa zamani sana, tukaswali pale kisha tukatafuta zile hoteli za tambi za kuvutwa kwa mkono, lamian. Kijana anachapa unga mezani pa! pa! anauvuta unakuwa nyuzi mbele yako, bakuli la supu ya ng'ombe tulilipa yuani 18 na unashiba mpaka usiku. Siku nne tumekula hapo mara sita, sioni aibu.

Haya, na nyie semeni. Miji yenye miti na maji tafadhali, msiniletee maduka.

mvita_halisi
Waaleykum salaam dada. Sisi tulienda Yangshuo kwa fungate, tulishuka Guangzhou tukachukua treni, saa mbili na nusu hivi. Jambo la kwanza, stesheni imeandikwa Yangshuo lakini iko Xingping, mjini kwenyewe bado ni mwendo wa gari, sisi tulishuka saa nne usiku na mabegi na bibi harusi amevaa viatu virefu, basi fungate ilianza kwa kununiana.

Lakini kulipokucha tukafungua pazia, weeh! Ile milima imesimama mmoja mmoja kama meno ya ngamia, ukungu umekaa katikati. Mto Li ndio ule uko nyuma ya noti yao ya yuani 20, watu wote wanajipanga kuinua noti wapige picha, na sisi tukainua. Ila raha yenyewe si kule, kule mashua zina injini na ule "mwanzi" ukiugusa ni paipu ya plastiki. Nendeni mto mdogo, Yulong, huko ni mianzi kweli na mzee anasukuma kwa upondo, hakuna kelele, mnasikia maji tu. Mke wangu alilala begani kwangu safari nzima, pesa ilirudi.

Sasa kula ndio ilikuwa mtihani. Chakula chao cha sifa pale ni samaki, nami nikasema samaki ni samaki, nini tena, nikaagiza. Wakati twasubiri mke wangu akaelekeza simu kwenye menyu itafsiri, ikatoka: samaki wa bia. Wampika na bia! Tuliondoka mbio tukiomba radhi kwa mikono. Siku hiyo tulikula mabalungi na mayai ya kuchemsha. Kesho yake ndio tukapata tambi za lamian karibu na stendi, mwenyewe Muislamu katoka jimbo la Qinghai, alivyosikia salamu akatuongezea nyama.

bwana_darajani
Mie nimekaa kule miaka, niongeze la kula kwa sababu hapo ndo watu wanapoangukia. Usiseme tu "sili nguruwe" ukadhani umemaliza. Kwanza wakisema rou, yaani nyama, bila kutaja mnyama, ujue nguruwe ndo anayekusudiwa. Pili hata mboga inaweza kukaangwa na mafuta yake, na mvinyo wa kupikia wanautia kwenye vitu vingi kama sisi tunavyotia ndimu. Tafuta maandishi 清真, qingzhen, hayo ndo halali kwao, yaweke kwenye simu yako uwe unayafananisha na vibao. Na msitafute maandishi ya Kiarabu, hoteli nyingi siku hizi hazina tena, unaweza kupita mbele ya mlango wa halali ukalala na njaa.

Jengine, fungeni kadi ya benki kwenye Alipay, ile app yao ya kulipia kwa simu, kabla hamjapanda ndege. Skwambii aibu niliyoiona mtu kashika noti na muuzaji hana chenji ya kumpa.

kaka_wa_xian
Mimi nilikuwa nasoma Xi'an, waifu akaja likizo. Najua mada ni miti lakini sikilizeni kwanza. Tulikodi baiskeli juu ya ukuta wa mji, mzunguko mzima ni kama kilometa 14, jioni jua linazama, aisee. Halafu Msikiti Mkuu, wa tangu 742 wanavyosema, ukiingia utadhani umekosea njia maana paa ni za Kichina na ndani ni bustani na miti mikongwe na ndege, wakati nje ya ukuta huohuo mtaa wa Waislamu unavuma. Mtaa wote halali! Kuna yangrou paomo, wanakupa mkate mgumu na bakuli tupu, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo ndo wakumiminie supu ya kondoo. Waifu alisema hii ni kuchambua mchele tu nimelipia nauli. Lakini ndo tuliongea siku hiyo kuliko mwaka mzima wa kwenye simu.

mvita_halisi
Kaka huo mtaa si wa kupumzika, ni soko la Kongowea wakati wa magharibi 😂

kaka_wa_xian
Ndo maana nikasema kaeni bustanini, mtaani muende mkiwa na njaa tu

ua_la_lushoto
Wote mmesahau Kunming. Mji uko juu, karibu mita 1,900, kibaridi kama cha kwetu Lushoto, mwezi wa kwanza tulivaa sweta mchana na jua linawaka. Katikati ya mji kuna Ziwa la Kijani, Cui Hu, na kipindi cha baridi wanakuja shakwe weupe kutoka Siberia, maelfu, wanachukua mkate mkononi mwako hewani. Mume wangu mtu mzima na mvi zake alikuwa anapiga kelele kama mtoto. Waislamu wa Kihui wapo wengi jimbo hilo la Yunnan, halali hata hutafuti sana, mle niu ganba, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kukaangwa, tamu balaa na wali.

Na yule amiri wa majahazi ya China wa zamani, Zheng He, kwao ni huko, kazaliwa familia ya Kiislamu kusini ya ziwa jengine kubwa, la Dian. Ndo hao wa enzi zile Malindi ikapeleka twiga China 1415. Mume wangu akasema wao walichukua twiga sisi tunachukua vitasa.

mama_kontena
😂😂 Dada umenimaliza, nimemsomea mume wangu hiyo ya vitasa amejifanya hajasikia. Ila mwaka wa mbele ni Kunming. Msiende tu Hangzhou wiki ya tarehe mosi Oktoba, shemeji yangu alienda na mkewe likizo yao ya kitaifa ile, anasema hakuliona ziwa, aliona visogo.

Ua_la_lushoto, hao ndege mwezi wa pili bado wapo? Maana mzigo wetu unafungwa kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na nataka tufike huko kontena likiwa limeshapanda meli asipate kisingizio.