Tupeane uzoefu: Kilo zikipungua, lengo lako la kalori unalishushaje?

DadaShangani (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Mada za kuanza kupunguza uzito zipo tele. Mimi nataka tuzungumzie katikati ya safari: kilo kadhaa zimeshatoka, unakula vilevile kama ulivyojipangia, halafu mzani unagoma. Lengo lako la kalori uliligusa lini? Ulilishusha kwa kiasi gani? Au hukulishusha, ukafanya kingine? Wa Mtwara na Lindi hasa, maana chakula chetu tunakijua wenyewe.

Naanza na yangu. Nina miaka 34, urefu sentimita 160, nilianza na kilo 92. Nilitumia kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, ambayo programu nyingi za simu zinaitumia bila kukwambia: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha mwanamke anatoa 161, mwanaume anajumlisha 5. Ikanipa 1,589, hizo ni za kupumua na kulala tu. Nikazidisha kwa 1.375 kwa sababu kazi yangu ina kutembea kidogo, ikaja kama 2,185. Nikatoa 500, nikawa nakula 1,685.

Kufika kilo 80 nikapiga hesabu upya. Matumizi yameshuka hadi kama 2,020, kwa hiyo ile 1,685 ilikuwa pungufu kwa 335 tu, si 500 tena. Na hapo kanuni bado inakupendelea. Mtafiti Kevin Hall na wenzake kule Marekani wameonyesha kwamba kila kilo inayotoka inaondoka na kalori kati ya 20 na 30 za matumizi ya siku, kwa kuwa mwili nao unabana matumizi. Kwa kilo 12, chukua katikati, ni 300. Nilikuwa nimebakiwa na upungufu wa kalori 200. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700, kwa hiyo 200 kwa siku hazifikishi hata robo kilo kwa wiki. Ukila ng'onda wa chumvi usiku, maji peke yake yanakupandisha kuliko hapo. Utaonaje kwamba unapungua?

Nikashusha hadi 1,550, nikaongeza kutembea ufukweni jioni. Kilo zikaanza kusogea tena, polepole. Haya, karibuni. Wauza unga wa kukausha tumbo piteni kushoto.

Mama Chausiku, Tandahimba

Dada umenigusa. Mimi nilishusha kutoka 1,800 hadi 1,650, nikasubiri, hakuna kitu. Basi siku moja nikapima korosho ninazotafuna nikiwa kazini. Gramu 30, kiganja kimoja tu hicho, ni kalori kama 165. Yaani marekebisho yangu yote ya 150 yalikuwa yanaishia mdomoni kabla ya saa nne asubuhi! Na kwetu msimu ukianza Oktoba korosho huzikimbii: ukienda kwa shangazi zipo, ukikaa chamani zipo, mtoto anakuletea za kuoka na moshi wake.

Sikuziacha, siwezi kuwadanganya. Ninazipima asubuhi, natia kwenye kikopo, kikiisha kimeisha. Ndiyo nikaona ile 1,650 inafanya kazi.

Kuli wa Msimu, Mtwara mjini

Mimi lengo langu halifuati kilo tu, linafuata ghala. Msimu wa korosho nabeba magunia kutwa. Ukiisha nakaa kijiweni nasubiri bodaboda ya mwenzangu. Nina miaka 31, sentimita 170, kilo 85. Kwa kanuni ya dada hapo juu napata kama 1,760. Ukizidisha kwa 1.725 ya kazi nzito ni zaidi ya 3,000. Ukizidisha kwa 1.375 ni kama 2,420. Tofauti ya 600 na ushee, na uzito haujabadilika hata kidogo!

Kwa hiyo nina malengo mawili, la ghalani na la kijiweni. Wenzangu wengi ule ugali wa msimu wanaula mpaka Machi, kitambi kinaota, wanasema ni uzee.

Binti Mikindani

Shida yangu ni njaa. Kila nikishusha, njaa inapanda maradufu. Ni mimi tu?

DadaShangani

Si wewe tu mdogo wangu. Hall huyohuyo na wenzake walikadiria kwamba kila kilo unayopoteza inaongeza hamu ya kula kwa kalori kama 100 kwa siku. Matumizi yanashuka kwa 25, hamu inapanda kwa 100, na wewe unajilaumu huna msimamo. Unapunguza nini hasa ukishusha?

Binti Mikindani

Samaki. Maana ndiye ghali.

Bi Mkubwa wa Pwani

Mwanangu, hapo ndipo. Samaki usimguse, gusa nazi. Tui la kasimile lina zaidi ya kalori 200 kwa mililita 100, na sisi kwenye mchuzi mmoja tunamimina kikombe kizima, kisha wali nao wa nazi, kisha kisamvu nacho cha nazi. Samaki changu mwenyewe, bila mafuta, ana kama nusu tu ya hapo kwa uzito uleule, na ndiye anayekushibisha na kukulindia misuli. Mimi siku nne za wiki napika chukuchuku: ndimu, pilipili, nyanya, kitunguu, basi. Siku zilizobaki tui la pili. Kasimile ni ya Ijumaa na ya wageni.

Kushusha kalori kwa kukata samaki ukabakiza ugali na mafuta ni kujitafutia njaa.

Mkulima wa Ufuta, Nachingwea

Nyie mnahesabu kama keshia wa benki. Mimi sijawahi kujua kalori ni mdudu gani. Mkanda ukirudi tundu moja ndani, napunguza ugali kiasi cha matonge mawili na kuongeza mboga. Ukirudi tena, nafanya vilevile. Toka tundu la kwanza mpaka la nne sasa, suruali zote zimepelekwa kwa fundi.

DadaShangani

Kaka, unafanya tunachofanya sisi, tofauti umepima kwa mkanda. Kwa asiye na mzani wa jikoni naona njia yako inafaa kuliko ya programu. Programu yenyewe haijui ming'oko, viazi vyetu vya porini, ni nini! Mimi naiandika kama viazi vikuu. Vyakula vyetu vingi vimo kwenye jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lililoandaliwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Lipo mtandaoni bure.

Mama Pacha, Masasi

Mimi nimejifungua, nanyonyesha, programu inaniambia nile 1,300. Nifuate?

DadaShangani

Usifuate. Kunyonyesha kunataka nyongeza ya kalori mia tatu na ushee hadi 500 kwa siku, na wewe una wawili. Ongea kwanza na muuguzi kliniki ya watoto. Na hata asiyenyonyesha, mwanamke akishuka chini ya 1,200 au mwanaume chini ya 1,500, iwe kwa usimamizi wa daktari. Ukifika huko na kilo hazitoki, ongeza miguu. Sahani usiiguse.

Mzee wa Rutamba

Wanangu, wenye kisukari mnisikilize. Nilikuwa natumia glibenclamide. Kilo zikashuka, nikashusha na chakula kama mnavyoelezana hapa, dozi ikabaki ileile. Alasiri moja shambani nikaanza kutetemeka, jasho jembamba, macho giza. Kijana akanipa chai ya sukari nyingi, nikarudi. Nilipoeleza kliniki, dozi ikapunguzwa. Vidonge vya aina hiyo, na sindano za insulini, vinashusha sukari hata kama hujala. Kwa hiyo kwenu nyie lengo la kalori ni hesabu ya mtu mmoja, kwetu ni ya watu wawili, wewe na daktari. Vidonge vya presha navyo vilevile, waulizeni kabla hamjabadilisha kitu.

Kuli wa Msimu, Mtwara mjini

Shikamoo mzee. Hili litamfaa baba yangu, leo hii namsomea.

Mzee wa Rutamba

Marahaba. Mpeleke na kijidaftari chake cha sukari.

Somo wa Newala

Mimi siku za unyago nilikuwa nikiharibu, kesho yake najinyima kutwa nzima. Sasa nahesabu kwa wiki. Lengo langu ni 1,600, kwa wiki 11,200. Nikijua Jumamosi kuna ngoma na pilau, naitengea 2,600, siku sita zilizobaki zinakuwa 1,430 na kitu. Lengo likishuka, nashusha la wiki. Mwezi wa Ramadhani pia inanisaidia, maana futari ya muhogo wa nazi haina adabu.

Fundi Jahazi, Kilwa Masoko

Nashangaa hakuna aliyegusa upande wa pili: kupandisha. Nilifika kilo 74 nilizozitaka, nikiwa nakula 1,750. Sasa ufanyeje, ule hivyo mpaka kufa? Nina miaka 41, sentimita 172, kanuni inanipa 2,220 nikishazidisha kwa 1.375. Sikuruka moja kwa moja. Niliongeza 100, nikakaa wiki mbili, nikaongeza tena 100.

Mwanzoni mzani ulipanda karibu kilo nzima, nikataka kurudi nyuma. Kumbe ukiongeza wanga, mwili unaweka akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na kila gramu yake inashika kama gramu tatu za maji. Ukatulia wenyewe. Nilipofika 2,050 ukasimama, nilipojaribu 2,150 ukaanza kupanda taratibu mwezi mzima. Basi yangu ni 2,050, chini ya kanuni kwa 170. Huo ndio mwili kubana matumizi aliousema dada, na mimi sioni dalili kwamba umeachia.

Swali langu: waliokaa kwenye uzito wao kwa muda mrefu, mliwahi kuiongeza ile namba ya kusimamia, au imebaki hapohapo?