UKOO WA MNYANJANI 🌴

*Da Mwana* 06:41
Asalaam aleykum. Hitima ya shangazi ni Jumapili kule Tanga, na gari bado liko uani, taa ya injini inawaka. Nataka majibu, siyo vidole gumba.

*Zuu* 06:58
👍

*Da Mwana* 06:58
Zuu!!

*Hamisi* 07:20
Dada, jana limegoma kuwaka nikiwa palepale sheli, nimetoka tu kujaza. Nimepiga selfu mpaka wa bodaboda wakaja kusukuma. Likawaka, linatetemeka, muungurumo unapanda unashuka, petroli inanuka hadi ndani. Mbele kidogo likatulia.

*Da Mwana* 07:22
Na pampu ya mafuta tuliyobadilisha juzi?

*Mjomba Salehe* 07:31
Pampu ambayo haikuwa mbovu. Nilisema.

*Da Mwana* 07:31
Mjomba tusianze

*Mjomba Salehe* 07:33
Sianzi, naendelea. Hela yangu ya Segera mpaka leo sijaiona.

*Zuu* 07:33
Segera tena 😂😂😂

*Kibwana Dallas* 07:52
Hamisi, mashine ya fundi ya kupimia ilisoma namba gani ya hitilafu?

*Hamisi* 07:55
P0441. Fundi akaifuta, kesho yake ikarudi.

*Kibwana Dallas* 08:01
Basi siyo pampu, namba hiyo ni ya mfumo wa mvuke. Mvuke wa petroli wa kwenye tangi unahifadhiwa kwenye kopo la mkaa. Injini ikishapata moto, kuna valvu inafunguka kidogo kidogo, injini inauvuta na kuuchoma. Valvu ikikwama wazi inavuta muda wote. Ukitoka kujaza mvuke ni mwingi, injini inapaliwa. Huku Dallas taa ya injini ikiwaka gari halipiti ukaguzi wa moshi, na ukiifuta bila kutengeneza mashine yao inajua.

*Zuu* 08:03
Somo limeisha mwalimu? Nani anapika pilau Jumapili?

*Mama Tatu* 08:04
Siyo mimi, mwaka jana mlisema lina maji

*Da Mwana* 08:05
GARI kwanza jamani

*Kibwana Dallas* 08:06
Hamisi, washa likiwa la baridi. Chomoa mpira unaotoka kwenye kopo kuja kwenye valvu, weka kidole kwenye mdomo wa valvu. Ikivuta, imekwisha. Halafu chomoa soketi yake ya umeme. Ikiendelea kuvuta, tatizo siyo waya.

*Hamisi* 09:40
Inavuta. Nimechomoa soketi, bado inavuta. Nimeifungua nikaigonga kiganjani, zimedondoka punje nyeusi kama mbegu za mchicha.

*Kibwana Dallas* 09:44
Mkaa wa kwenye kopo huo. Kopo limeingia petroli yenyewe badala ya mvuke. Kuna mtu pampu ya sheli ikikata, yeye anaongeza.

*Zuu* 09:45
"Tikisa gari, weka tena, niione mdomoni" 🤣

*Da Mwana* 09:45
Zuu futa hiyo haraka

*Zuu* 09:46
🚫 Ujumbe huu umefutwa

*Ba'mkubwa* 10:12
🎤 0:52

*Hamisi* 10:15
Kwa asiye na bando: Ba'mkubwa anasema anajaza hivyo tangu enzi za Peugeot 504, na haikuwahi kumlaza njiani.

*Ba'mkubwa* 10:19
NIKILIPIA FULU NATAKA FULU. GARI LITENGENEZWE. ILA SALEHE ALIPWE KWANZA. MAMBO YA SEGERA NISIYASIKIE TENA.

*Da Mwana* 10:41
Sawa baba. Tumesikia.

*Hamisi* 10:41
Sawa baba

*Mjomba Salehe* 10:50
Shukrani kaka.

*Da Mwana* 13:05
Haya. Valvu ya mtumba Gerezani wanasema elfu 40. Nimetoa 15. Hela ya Mjomba tunaipangia wapi?
Mmesoma watu 19 mmenyamaza.

*Kibwana Dallas* 16:30
Natuma ya valvu. Lakini kopo lisipobadilishwa, punje zitaikwamisha na hiyo mpya.

*Hamisi* 16:48
Kopo la modeli hii sijalipata. Fundi anasema tuzibe tundu la kwenye injini linalovuta mvuke, twende hivyohivyo.

*Kibwana Dallas* 16:55
Tanga mtafika, tangi litapumulia kwenye kopo. Taa itabaki inawaka. Ila sheli pampu ikikata, basi, msiongeze hata tone.

*Hamisi* 16:56
Na safari hii anayelipa mafuta ni nani?

*Da Mwana* 17:20
Hamisi nipigie

*Mama Tatu* 21:50
Poleni, ndiyo naona sasa. Kwani tunaondoka Ijumaa au Jumamosi?