Makombora ya Agosti 1998: Clinton alitulipizia kisasi au alijifichia kwenye moshi?

Mwanzisha mjadala

Kila Agosti ikikaribia hoja hii hufufuka, na kila mara naona tunaichanganya. Swali ni hili: rais aliyezama kwenye kashfa ana haki ya kurusha makombora, au anyamaze hadi jina lake lisafishike?

Tarehe ndizo zinazochochea. Ijumaa, 7 Agosti 1998, lori la mabomu lilipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Jumatatu, tarehe 17, Bill Clinton, rais wa Marekani wakati huo, akahojiwa na jopo la mahakama kuhusu mapenzi yake na Monica Lewinsky, msichana aliyefanya kazi Ikulu yao, na usiku akakiri kwenye televisheni kwamba uhusiano ule ulikuwepo. Alhamisi, tarehe 20, makombora yakaanguka Afghanistan na Sudan, siku ile ile ambayo Lewinsky alikuwa amerudishwa mbele ya jopo. Mwambie Mnairobi yeyote kwamba hayo yalisadifiana tu, atakucheka.

Mimi sicheki sana. Waliokufa hapa ni 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12 tu. Dar es Salaam, ambako ubalozi wao mwingine ulilipuliwa asubuhi ile ile, wakafa 11. Watu wa maofisi ya jirani walisikia kwanza kishindo na milio ya bastola kule langoni, wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Bomu lenyewe likawakuta pale pale, nyuso zimeelekea kioo. Ndiyo maana jiji hili lilipata vipofu wengi kwa asubuhi moja. Ufundi House, iliyokuwa na wanafunzi wa uhazili, ikalala chini yote. Kwa hivyo anayesema Clinton alitafuta kisingizio, namuuliza akitafutie nini wakati wodi za hospitali ya Kenyatta zilikuwa zimejaa?

Lakini usiku ule alipiga mahali pawili, na ni lazima tupatenganishe. Kambi za Khost, kule Afghanistan, zilikuwa za Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda aliyeshukiwa kupanga milipuko ile, na hilo hata wapinzani wa Clinton hawakulibisha, na Spika Newt Gingrich wa Republican alimuunga mkono waziwazi. Khartoum, kule Sudan, ni hadithi nyingine kabisa. Kiwanda cha Al-Shifa kilitengeneza dawa za watu na za mifugo. Marekani ikadai kina kemikali ya kuundia sumu ya VX, kwa kutegemea udongo uliochotwa karibu nacho. Sudan ikaomba Umoja wa Mataifa uchunguze, Marekani ikakataa. Mwaka 1999 ikaziachilia akaunti za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia, bila kesi wala maelezo ya maana.

Msimamo wangu: Khost nakubali, hata kama aliyeamuru alikuwa anafukuzwa na mkewe sebuleni. Khartoum nakataa, hata angekuwa mtakatifu.

Mkazi wa Ngara

Ndugu, umemsamehe haraka mno. Wewe unapima shabaha, mimi napima mazoea. Desemba mwaka ule ule, Bunge la Marekani likijiandaa kupiga kura ya kumshtaki Clinton kwa kashfa ile, hatua ya kwanza ya kumng'oa madarakani, tarehe 16 akaanza kuipiga Iraq. Mjadala ukasogezwa mbele. Tarehe 19 wakamshtaki, na siku hiyo hiyo mabomu yakakoma. Sababu aliyotoa ni kwamba wakaguzi wa silaha walizuiwa na Ramadhani ilikuwa inaingia. Sawa, Ramadhani iliingia kweli. Lakini mtu akikohoa kila anapodaiwa, utaita daktari au utadai pesa yako?

Mwanzisha mjadala

Pesa nitadai, na kikohozi nitakipima pia. Tume ya Marekani iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilitoa ripoti yake 2004. Haikuona ushahidi kwamba kashfa ndiyo iliyomsukuma Agosti ile. Lakini iliona kwamba zile tuhuma za kujificha nyuma ya makombora, pamoja na aibu ya Al-Shifa, huenda zilichangia kusitasita baadaye. Tarehe 20 Desemba 1998, siku moja baada ya Clinton kushtakiwa, Marekani ilikuwa na habari kwamba Bin Laden analala Kandahar, Afghanistan. Hawakurusha, wakihofia kuua raia na kuharibu msikiti ulio karibu. Sisemi kashfa ndiyo iliyomwokoa. Nasema kiongozi asiyeaminika huingia hasara pande zote mbili: akipiga anajificha, akiacha ni mwoga.

Mama wa Jogoo Road

Nyinyi wanaume mnabishana juu ya moyo wa Clinton, na hakuna anayeweza kuupasua auone. Mimi nauliza nani aliulizwa. Waliozikwa wengi walikuwa wetu, lakini saa ya kujibu iliamuliwa Washington kwa kalenda ya Washington. Na tusijione bora. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 241, inasema wanajeshi hawapelekwi kutuliza ghasia nchini bila idhini ya Bunge la Kitaifa. Juni 25, 2024, wakati wa maandamano, tangazo la kuwaita wanajeshi lilitoka kwanza, wabunge wakaidhinisha kesho yake. Idhini ya namna hiyo ina maana gani?

Mwanzisha mjadala

Mama, hapo umenibana vizuri. Hata mimi ningetaka idhini itangulie. Tatizo ni kwamba shabaha kama Khost haingoji wabunge wamalize hotuba, na siri ikifika bungeni imefika sokoni. Pendekezo langu: rais aliye kwenye kashfa aonyeshe ushahidi mzima, kabla ya kurusha, kwa wapinzani wachache walioapishwa kutunza siri, na majina yao yatangazwe baadaye pamoja na jibu walilompa. Udongo wa Al-Shifa ungepita mbele ya watu kama hao? Anayeamini ungepita alete hoja yake hapa.