Mtu akifia seli, nani aeleze?

Mleta mada, Nairobi

Ndugu zangu, naomba jambo hili tulijadili bila kutukana polisi na bila kuwapamba. Mtu anakamatwa akiwa mzima. Anaingizwa seli, mlango unafungwa kwa nje. Asubuhi ni maiti. Kesi ikifika mahakamani, upande wa mashtaka ndio unaohangaika kuthibitisha kila kitu, kana kwamba marehemu alifia njia panda ambako yeyote angeweza kupita. Mimi nasema mzigo uwe wa polisi: wao ndio waanze kueleza. Wakishindwa, mahakama iwe huru kuamini lile baya zaidi.

Kilichonisukuma ni kifo cha Albert Ojwang. Mwalimu yule alichukuliwa kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akasafirishwa mpaka kituo cha Central, Nairobi. Hakumaliza hata siku ya pili. Tukaambiwa alijigonga kichwa ukutani. Wanapatholojia watano walipouchunguza mwili wakakuta kichwa kimeumia, shingo imebanwa, na majeraha yametapakaa. Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza. IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, nayo ikasema kamera za kituo zilichezewa. Walioshtakiwa kwa mauaji ni askari 3 na raia 3 waliokuwa mahabusu. Hao ni wa mahakama kuwahukumu, si mimi, na naomba yeyote asiwahukumu hapa.

Ninayotaka tuyatazame kwa makini ni ya Ruaraka, kwa kuwa hukumu yake imeshatolewa. Desemba 2013 mwanamume mmoja alipelekwa kituo cha Ruaraka baada ya ugomvi wa nyumbani. Mke na mume wamekosana. Kwingine wazee wangewaita, chai ikanywewa, yakaisha. Yeye alikutana na OCS, yaani mkuu wa kituo, Nahashon Mutua, aliyempiga kwa bomba la chuma mpaka akapata majeraha yaliyomuua. Kisha ikatengenezwa hadithi kwamba aliyemuua ni mahabusu mwenzake, na mahabusu huyo akashtakiwa kwa mauaji.

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Umefungiwa pamoja na mtu, unasikia anavyopigwa, halafu kesho wewe ndiye unayeitwa muuaji. IPOA ilipochunguza ndipo mambo yakageuka: mashtaka dhidi ya mahabusu yakaondolewa, OCS akapanda kizimbani. Jaji Stella Mutuku alimtia hatiani Desemba 2018, na Februari 2019 akamhukumu kifo. Kutoka kifo hadi hukumu ilipita zaidi ya miaka 5.

Sasa niambieni: IPOA isingeingia, nani angeoza gerezani?

Mchangiaji, Kisumu

Wanyongwe tu. Jaji ameshasema kifo, mnajadili nini tena?

Mleta mada

Ndugu, Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Hukumu ya kifo kwetu ni kukaa gerezani. Na hata wangenyongwa, ungejuaje kwamba umemnyonga aliyeua na si yule mahabusu?

Wakili, Nakuru

Nimesimama upande wa washtakiwa kwa miaka mingi, na hoja ya mleta mada inanitia hofu. Katiba, kifungu cha 50, inamlinda kila mshtakiwa: hahesabiwi kuwa na hatia mpaka ithibitishwe, na ana haki ya kunyamaza. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mwizi wa kuku peke yake. Ni ya OCS pia. Ukiitoboa leo kwa sababu umemkasirikia askari, kesho askari huyo huyo ataitumia tundu hiyo kumwingiza mwanao.

Tena huhitaji kuitoboa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 111, tayari inasema jambo likiwa katika ujuzi wa mshtakiwa peke yake, ni juu yake kulieleza. Na mahakama zetu kila mara huuliza nani alikuwa wa mwisho kuonekana na marehemu. Mtu aliyefia ndani ya seli, jibu la swali hilo linajulikana kabla halijaulizwa.

Tatizo liko nyuma zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 387, inamtaka hakimu achunguze kifo cha mtu aliyekuwa kizuizini. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, ili maiti isiwe mikononi mwa polisi tangu dakika ya kwanza. Miaka ikapita, na ofisi hiyo haikusimama. Jaji anaamua kwa kilichowekwa mezani kwake. Kama kilichowekwa kimepikwa, hata umpe mshtakiwa mzigo wote wa dunia, utapata maelezo yaliyopikwa vizuri zaidi.

Askari mstaafu

Nimevaa magwanda miaka 26, kwa hiyo mniruhusu.

Hamjui zamu ya usiku ilivyo. Uko ofisi ya ripoti peke yako, seli ziko nyuma yako, zimejaa. Ni mwisho wa mwezi. Gari linaleta walevi, linaleta waliopigana baa, halafu linaleta kijana aliyeokolewa kwa wananchi waliokuwa wanampiga mawe na tairi wameshalitafuta. Anatembea. Anaongea, anakutukana hata. Unamwandika, unamfungia. Saa tisa usiku unapiga tochi kuhesabu watu, yeye haamki. Damu ilivujia ndani ya fuvu, na tochi yangu haioni ndani ya fuvu.

Mleta mada anataka mahakama iamini lile baya zaidi juu yangu. Nilikuwa konstebo wa mshahara mdogo, na kijana yule aliuawa na majirani zake. Majirani hao asubuhi ndio wa kwanza kuja kuchoma matairi nje ya kituo, wakidai haki yake.

Mleta mada

Afande, nimeisoma mara mbili, na sitaki kuipita haraka.

Nakubali kwamba si kila maiti inayotoka seli imeuawa na askari. Lakini angalia ulichofanya sasa hivi: umeeleza. Nani alimleta, saa ngapi, alikuwa katika hali gani, saa ngapi alikutwa haamki. Hicho ndicho ninachokiomba. Sikuambii uthibitishe kwamba hukuua. Nataka ukurasa wa OB, kitabu cha matukio cha kituo, wenye kuonyesha kwamba aliingia akiwa amepigwa mawe, na kwamba uliomba gari apelekwe hospitali. Tangu 2014 tuna sheria ya watu walionyimwa uhuru wao, na matibabu ni haki yao humo. Aliyetolewa chini ya mawe hakupaswa kulala sakafuni, awe anakutukana au asiwe anakutukana.

Na wakili wangu, nakubali pia kwamba neno "mzigo" nimelitumia vibaya. Nilipaswa kusema wajibu wa kutoa hesabu. Ukinikabidhi ng'ombe wako nimchunge, akafa zizini kwangu, hunishtaki kwa wizi hapo hapo, lakini nitakueleza alivyokufa, na ngozi nitakuonyesha.

Mkazi wa Embu

Tunazungumza kama kwamba kesi zinaisha. Mimi ni wa huku. Agosti 2021 ndugu wawili, wanafunzi, walikamatwa Kianjokoma kwa kuchelewa kufunga biashara wakati wa kafyu ya korona. Wazazi waliwatafuta, wakawapata mochari. Polisi walisema waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Askari 6 wakashtakiwa kwa mauaji.

Sisemi walifanya au hawakufanya. Nasema juu ya kungoja. Kila tarehe ya kesi familia inapanda gari kwenda Nairobi, inakaa kwenye benchi, inasikia tarehe nyingine. Shahidi aliyekuwa kijana anaoa, anahama, anasahau rangi ya gari. Mkitaka kujadili nani aeleze, jadilini pia aeleze lini. Mtu akieleza baada ya miaka 5 si maelezo tena, ni hadithi iliyofanyiwa mazoezi.

Msomaji, Mtwara

Shikamooni wakubwa. Ninyi mna IPOA, lakini sisi huku hatuna chombo kama hicho. Niwasimulie ya kwetu.

Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa akiwa mikononi mwa polisi hapa Mtwara. Chanzo ni fedha: polisi walizichukua, yeye akazifuatilia. Rais Samia aliagiza iundwe timu nyingine kuchunguza, badala ya polisi kujichunguza wenyewe. Maafisa 7 walifikishwa Mahakama Kuu, na Juni 2025 wawili wakahukumiwa kunyongwa, watano wakaachiliwa.

Lakini kuna wa nane ambaye watu wa nje hawamjui. Afisa mmoja aliyekamatwa kwa tuhuma hizo hizo alikufa mahabusu kabla ya kufika popote, na taarifa ya polisi ikasema amejinyonga. Naomba mlitafakari. Hata askari mwenyewe akiwa ndani, akafa, sisi wote tunabaki na karatasi moja ya walewale waliokuwa wanamlinda. Kwa hiyo Mzee mstaafu, wajibu huu wa kueleza unakulinda na wewe.

Askari mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hilo la Mtwara sikulijua. Limeniingia.

Wakili, Nakuru

Niongeze moja, maana tumefika pazuri. Kesi ya Willie Kimani, wakili mwenzetu. Juni 2016 alikamatwa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, wakafungiwa kituo cha polisi wa utawala cha Syokimau. Hawakuandikwa popote. Kwa mujibu wa kitabu, hawakuwahi kufika pale. Kilichosema walikuwapo ni kipande cha karatasi ya chooni: Kimani aliandika ujumbe wa kuomba msaada, akautupa nje, mpita njia akauokota. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Jaji Jessie Lessit alitoa hukumu Julai 2022, na Februari 2023 Fredrick Leliman, afisa wa polisi, akahukumiwa kifo. Wenzake wawili polisi na raia mmoja wakafungwa.

Kwa hiyo mleta mada, ukurasa wa OB unaoutaka unaweza usiwepo kabisa. Kutokuwepo kwake ndiko kungepaswa kuwa kosa linalotosha kumweka mtu ndani, hata kabla ya kujua nani alipiga. Hapo ningeweka nguvu zangu. Mauaji ni magumu kuthibitisha. Mtu kutoandikwa kitabuni, au kamera kuzimwa usiku ule ule, ni rahisi.

Mchangiaji, Kisumu

Nirudi. Nilisema wanyongwe. Kisumu tuna makaburi mengi, hasira yangu haikutoka hewani. Lakini wakili nimekuelewa. Sasa OB iko kwa OCS. OCS akiwa ndiye mshukiwa, nani anaishika?

Mleta mada

Ndilo swali lenyewe. Juni 2025 IPOA iliambia Seneti kwamba watu 20 walikuwa wamekufa mikononi mwa polisi katika miezi 4. Watu 20. Ni mazishi 20, kila moja na mama yake. Kama kila kifo kati ya hivyo kinasubiri wachunguzi wafike kituoni baada ya siku mbili, kitabu kitakuwa kimeshanakiliwa upya. Mimi ningetaka saa ile ile kifo kinaporipotiwa, kitabu na kamera zitoke kituoni, na kila aliyekuwa zamu aandike maelezo yake akiwa mahali pengine, mbali na mkubwa wake. Na mahabusu waliokuwa seli moja na marehemu wahamishwe siku hiyo hiyo. Wasilale tena pale hata usiku mmoja.

Lakini nimuulize Afande, kwa heshima. Wewe ulikishika kitabu kile miaka 26. Kilibadilishwa vipi?

Askari mstaafu

Nilijua utaniuliza.

Hakibadilishwi kwa kalamu ya mkubwa. Mkubwa hashiki kalamu. Anakuja asubuhi, anasimama nyuma ya kiti chako, anakuambia, "Andika kwamba aliletwa na wananchi tayari ana majeraha." Yale yale niliyowasimulia juu, ambayo mara nyingi ni kweli. Kwa kuwa mara nyingi ni kweli, hayakosi kuaminika.

Kituo sitakitaja, na marehemu hakuwa yule kijana wa mawe. Huyu aliingia akitembea vizuri, mimi ndiye niliyempekua, nikaandika saa yake na shilingi 340. Usiku aliitwa ofisini. Aliporudishwa alibebwa. Asubuhi nikaambiwa niandike kuhusu wananchi. Sikuandika. Nilisema nimeshaandika alivyoingia, na mwandiko ni wangu.

Baada ya wiki tatu nilipata barua ya uhamisho, kwenda mbali sana na watoto wangu. Aliyeshika zamu baada yangu alikuwa kijana, ana miezi minne kazini, mke wake mjamzito. Sijui aliandika nini. Sikumuuliza, na yeye hakuniaga.