Mume anaporudi kutoka baharini tunashindwa kuelewana kuhusu watoto: wenzangu mnafanyaje?

Swali, kutoka kwa Mke wa Baharia

Ndugu zangu,

Naomba ushauri wa wale wanaoishi na mtu ambaye uvuvi ndio ajira yake, na hasa yule anayekaa majini kwa majuma, si yule anayetoka alfajiri na kurudi jioni. Mume wangu ni baharia katika meli ya uvuvi inayoburuta wavu. Safari moja huwa ya siku 20 hivi, pengine zaidi samaki wakiadimika, kisha hukaa nyumbani siku 5 au 6 wakati meli ikishusha samaki, ikitengenezwa na kupakia barafu na mafuta. Tuna watoto wawili, wa kiume mwenye miaka 9 na wa kike mwenye miaka 4.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ugumu wa maisha haya ni kutokuwapo kwake. Kumbe hilo nimeshalizoea: najua nani atampokea mtoto nikichelewa kazini, najua bomba la jikoni linazibwaje likivuja, na watoto wanajua kwamba ruhusa ya jambo lolote hutoka kwangu. Kinachonishinda ni kurudi kwake.

Safari iliyopita, jioni ya pili tangu afike, tulikuwa tumeketi sote sebuleni, begi lake la nguo za kazi likiwa bado mlangoni kwa sababu ya harufu. Kijana wetu akaja na daftari mkononi, akampita baba yake aliyekuwa karibu zaidi, akaniuliza mimi kama anaweza kwenda kucheza kwa rafiki yake kabla ya kumaliza kazi ya shule. Hakufanya hivyo kwa dharau. Alikwenda alikozoea kwenda. Nikamjibu hapana, kwa sababu ndiyo kanuni yetu. Mume wangu akasema, kwa sauti iliyomfanya mdogo aangue kilio, kwamba mtoto aende, kwani baba yake yupo na amemruhusu. Mtoto akaenda. Siku zilizobaki hapakuwa tena na saa ya kulala, kazi ya shule ilifanywa asubuhi kwa pupa au haikufanywa kabisa, na siku ya 6, saa kumi alfajiri, baba akaondoka. Nilibaki na mtoto anayenijibu "baba alikubali" kwa kila ninalosema, na juma zima likapita kabla nyumba haijatulia.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini sitaki kumnyang'anya mume wangu ubaba wake. Anafanya kazi ngumu na ya hatari kwa ajili yetu, na anastahili kujiona mwenyeji katika nyumba yake. Je, ninyi mnagawanaje madaraka? Na jambo la pili: anapopiga simu kutoka baharini, nimweleze matatizo ya nyumbani, au niyafiche mpaka arudi?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Mama wa Watatu

Dada yangu, nimeolewa na nahodha mwaka wa 22 huu na watoto wangu sasa ni watu wazima, lakini nilipofika mahali ambapo kijana alimpita baba yake na daftari mkononi, nilisimama kusoma kwa muda, kwa maana nimeliona jambo hilo hilo nyumbani kwangu.

Kosa letu la miaka ya mwanzo lilikuwa kukabidhiana nyumba nzima kama watu wanavyokabidhiana zamu. Akifika, mimi nanyamaza na yeye anaamua kila kitu. Akiondoka, natwaa usukani upya. Nilidhani ndiyo heshima. Watoto wakajifunza kwamba hakuna kanuni inayodumu kuliko safari moja, nao wakawa hodari wa kungoja: jambo nililolikataa waliliweka kiporo mpaka baba arudi.

Kilichotusaidia ni kuandika karatasi moja ya mambo yasiyobadilika hata nani awe nyumbani. Hayakuwa mengi: saa ya kulala, kazi ya shule, dawa za mtoto wetu mwenye pumu, na kulala nje ya nyumba. Katika hayo hakuna kati yetu aliyeweza kutengua peke yake, na aliyeulizwa alijibu, "Ngoja nizungumze na mwenzangu." Sisitizo langu ni kwamba mimi pia nilijibu hivyo, hata yeye akiwa majini, kwa mambo tuliyokubaliana kuwa yanamngoja. Mtoto akisikia mama yake anasema "hili tutalisubiri mpaka baba apige simu", anajua kwamba baba ana kauli hata asipoonekana. Karatasi hiyo hatukuiandika siku ya ugomvi. Tuliiandika jioni moja watoto wamelala, mimi nikiwa nimeshapoa na yeye ameshalala vya kutosha, na naomba nawe usilijaribu katika siku 2 za kwanza za kurudi kwake.

Jambo jingine ni hili. Mpe kitu ambacho ni chake kabisa, na kisiwe orodha ya vitu vilivyoharibika. Mimi nilikuwa nikimwekea orodha hiyo mezani: kitasa, paa, baiskeli, taa ya bafuni. Siku 5 za mapumziko zikawa siku 5 za ufundi, na watoto wakamwona mgongo tu. Baadaye alianza jambo na binti yetu wa katikati, wakati huo akiwa na miaka 8. Alimwachia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji na daftari, akamwagiza kila jioni anakili saa ya maji kujaa na achore umbo la mwezi. Baada ya siku chache mtoto akagundua mwenyewe kwamba saa ile husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na kwamba bamvua, yaani maji makubwa kuliko ya siku nyingine, huja mwezi ukiwa mpevu au mchanga. Hakutaka kunieleza mimi. Alisema atamweleza baba. Siku nahodha alipofika, hata viatu hajavua, binti alikuwa mlangoni na daftari lake, na hakunitazama mimi kabisa. Daftari lile sikuligusa wala kulisahihisha hata pale nilipoona amekosea tarakimu. Lilikuwa lao.

Siku za kuzaliwa tulizihamisha tu zikaangukia siku za nchi kavu, na watoto hawakuona ajabu.

Naongeza jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kuna wanaosema mwanamume wa baharini aachwe afanye apendavyo kwa kuwa siku zake nyumbani ni chache. Sikubaliani nao. Ni chache kwa watoto pia, na wao wanazihesabu kuliko yeye.

Jibu la pili, kutoka kwa Mvuvi wa Zamu ya Usiku

Dada, naandika nikiwa upande wa mumeo, yaani upande wa sitaha, ambako nimefanya kazi miaka 16. Naomba nikueleze hali ya mtu anayeingia mlangoni kwako na begi lile.

Katika meli yetu zamu ni saa 6 kazini na saa 6 za mapumziko, lakini wavu ukipanda umejaa, zamu husahauliwa na kila mtu husimama. Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika 2017, unataka mvuvi aliye katika meli inayokaa baharini zaidi ya siku 3 apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Hizo ni kanuni kwa nchi zilizouridhia, na hata zinapofuatwa usingizi wenyewe huja vipande vipande. Nikifika nyumbani naamka kila baada ya saa chache kama niliyeitwa. Siku ya kwanza sakafu bado inayumba chini ya miguu yangu. Na sauti yangu, dada, ni ile ya kushindana na injini na winchi, ile mashine ya kuvuta nyaya za wavu. Siku moja nilimwambia mwanangu asogee mezani, akaruka kwa hofu, ndipo nilipotambua kwamba nilimwambia kwa sauti ile ile ninayomwambia mwenzangu aondoke kwenye kamba iliyokazwa. Sikuwa nimekasirika hata kidogo. Tangu hapo mke wangu hunigusa mkono sauti inapopanda, nami hushusha bila mjadala.

Simtetei mumeo. Mtoto wa miaka 4 alilia, na ilimpasa aombwe radhi na baba yake mwenyewe, si kwa kupitia kwako. Lakini huenda hakujisikia jinsi alivyosema, na ni vyema aambiwe.

Kuhusu simu, usimfiche. Mwaka mmoja mtoto wangu alilazwa siku 2 nami nikapata habari hizo sitahani kutoka kwa mwenzangu, aliyeambiwa na mkewe. Jambo lile liliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe, na safari zilizofuata kila nilipoambiwa "huku salama" sikuamini. Ninachoomba ni mpangilio wa maneno. Simu ya setilaiti hukatika, na sauti huchelewa kidogo hata watu wawili wakajikuta wanasema kwa pamoja. Ukianza na "mtoto ameanguka" kisha simu ikakatika, mwanamume huyo atarudi kwenye nyaya na winchi akiwa na maneno mawili hayo kichwani, na hapo ndipo watu hupoteza vidole, au uhai. Anza na hali ilivyo sasa, kisha kilichotokea, kisha ulichokwisha fanya: "Mtoto yuko nyumbani anacheza, juzi aliteguka mkono, daktari ameufunga na tutarudi kwake baada ya juma moja." Ugomvi wa jirani na maneno ya ndugu yaache tu, nitayakuta.

Kabla hajaondoka, mwombe pia nambari ya simu ya ofisi ya meli. Mkataba huo huo unataka kila meli iwe na orodha ya mabaharia wake, na nakala yake iwe kwa watu walio nchi kavu. Ukikosa simu siku 3 kwa sababu ya hali ya hewa, ni afadhali kumuuliza mtu anayejua meli iko wapi kuliko kukesha na uvumi.

Jibu la tatu, kutoka kwa Mtunza Hesabu

Nimesoma yote kwa makini na nina swali moja ambalo sijaona likiulizwa: je, safari hiyo iliyopita ilikuwa na mapato?

Nauliza kwa sababu wavuvi wengi hawalipwi mshahara, wanalipwa kwa mgao. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu, chambo na chakula cha mabaharia. Kinachobaki hugawanywa kati ya chombo na watu wake kwa hesabu waliyokubaliana. Kwa hiyo meli inaweza kurudi imejaa pomoni na bado baharia akaenda nyumbani na fedha kidogo, kwa kuwa bei ilianguka siku ile au mafuta yalikula sehemu kubwa. Safari nyingine huisha kwa deni. Kaka yangu alivua miaka mingi, na shemeji yangu aliweza kujua hesabu ya safari kwa namna alivyokalia kiti. Akiwa amepata, watoto walimpanda mabegani. Akiwa amekosa, alikuwa mkali kwa mambo madogo, na mara nyingi akawapa watoto ruhusa ya kila wanachoomba kwa sababu hakuwa na kingine cha kuwapa. Hili la mwisho tulichelewa sana kulielewa.

Kwao mambo yalitulia walipoacha kupanga matumizi kwa kufuata safari nzuri. Walitazama daftari la miaka 2, wakachukua safari zilizokuwa dhaifu kuliko zote, na matumizi ya kila mwezi yakapangwa kwa kipimo hicho. Kilichozidi katika safari nzuri kiliwekwa kando kwa ajili ya miezi ambayo uvuvi unafungwa au meli iko matengenezoni. Wakakubaliana pia kwamba hesabu ya mgao isiulizwe mlangoni. Husomwa siku ya pili, watu wawili wakiwa wameketi na karatasi mbele yao.

Karatasi hiyo iwepo, dada. Mkataba uliotajwa hapo juu unataka makubaliano ya kazi ya mvuvi anayelipwa kwa mgao yaonyeshe kiasi cha mgao wake na jinsi unavyohesabiwa, na unataka mvuvi awe na njia ya kutuma malipo yake, hata ya awali, kwa familia bila kutozwa. Mwulize mumeo kama ana nakala. Hapo si kumchunguza; ninyi ni wawili katika hesabu hiyo.

Mke wa Baharia anajibu

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Jana usiku alipiga simu, nami nikaanza na hali ilivyo sasa kama nilivyoelekezwa, kisha nikamuuliza kuhusu safari ile. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani ni setilaiti. Kisha akasema walikuwa wamerarua wavu kwenye mwamba siku ya 4, na baada ya gharama hakubakiwa na karibu chochote. Hakuniambia kwa sababu alinikuta nimeshalipa ada ya shule na nina furaha.

Nimemwambia kwamba kijana ana swali la hesabu ambalo sitamsaidia, linamngoja yeye. Aliuliza ni swali gani, nikamwambia sijui, kwa kuwa kweli sijalifungua hilo daftari. Hali ya hewa ikiruhusu watafika Alhamisi.