Ushauri: darasa langu la fizikia limenyamaza

Mwalimu_wa_Milimani: Ndugu zangu, nafundisha kidato cha pili hapa Kabale, Uganda. Nataka wanafunzi waelewe sayansi inavyoujua ukweli wake, wasikariri tu. Tangu jaribio la kuchemsha maji, nikiuliza swali wanatazama chini. Nianzie wapi? Silali.

Chaki_Nyeupe: Ni huu mtaala wa 2020. Mwanafunzi atafute mwenyewe, themometa moja darasa zima!

Kaka_Masindi: Kuna kitu umeficha. Jaribioni kulitokea nini?

Mwalimu_wa_Milimani: Maji yalichemka kwenye nyuzi 94 za Selsiasi. Kitabu kinasema 100. Nikadhani themometa ni mbovu, nikawaambia wafute waandike 100. Binti mmoja akakataa, nikampa sifuri. Jioni nikapima na themometa nyingine: 94. Alama nilikuwa nimeshazipeleka. Lakini jamani, mtihani wa taifa utataka 100. Nilikuwa namlinda.

Mama_Jinja: Niliolewa huko. Mwaka wa kwanza maharage yalinitoa machozi, mama mkwe akaona sijui kupika. Kabale ni karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni ndogo, maji yanachemka kabla ya kufika 100, chakula kinachelewa kuiva. Ile 100 ni ya usawa wa bahari. Mtoto aliona sawa.

Mtanga: Kwetu Tanzania, 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto umeganda kabla ya uliopoa. Akachekwa darasani. Mwaka 1969 alichapisha matokeo pamoja na Denis Osborne, na wanasayansi wanabishana mpaka leo. Wanapima, wanarudia. Hakuna anayefuta.

Jicho_Kali: Mwalimu wa fizikia asijue kanieneo? Na Kabale lugha yao ni Rukiga, Kiswahili hiki umekitoa wapi? Hadithi ya kutunga hii.

Mwalimu_wa_Milimani: Baba alikuwa mwanajeshi, nimekulia kambini. Nimesomea baiolojia na kemia, fizikia nilikabidhiwa mwenzangu alipohamishwa. Sijatunga. Nilifikiri niache alama zilivyo, nifundishe mada upya kimyakimya.

Mama_Jinja: Kimyakimya hapana, mwanangu. Chemsha tena mbele yao, uwaulize kitabu kilipimia wapi.

Mwalimu_wa_Milimani: Sawa, mama. Jumatatu naenda kwa mwalimu mkuu, binti arudishiwe alama zake.

Kaka_Masindi: Na wale waliofuta 94 zao kwa sababu uliwaambia?