Mshairi wa taifa la Kenya tumpe nani? Na kama si Mkenya?

Mwana Kondele: Wandugu, Uingereza wana mshairi wa serikali tangu 1668. Sisi je? Mi nampendekeza Okot p'Bitek. Ndio alikuwa Mganda, Mwacholi wa Gulu, lakini alipokosana na wakubwa wa kwao alikuja akakaa hapa Kisumu, tamasha la sanaa la hapa alianzisha yeye, na Song of Lawino ilitolewa na wachapishaji wa Nairobi 1966. Anatosha ama hatoshi?

Section 58: Okot aliandika Kiacholi halafu akageuza Kiingereza mwenyewe, sasa mama mboga wa Nakuru atamsoma na nini? Mpeeni Abdilatif Abdalla. Jamaa alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya karatasi moja tu, Kenya: Twendapi?, akawa anaandika mashairi huko ndani, yakatoka ikiwa Sauti ya Dhiki, na 1974 kitabu hicho hicho kikapewa tuzo ya Jomo Kenyatta. Jela ya Kenyatta, tuzo ya Kenyatta!

Mwalimu Kakamega: Hapo ndipo penye kazi. Mtu aliyefungwa na serikali, serikali itamvisha taji aje? Na yeye atalikubali?

Mvita Halisi: Abdilatif ni wetu wa Mombasa, mbona mnamgawa kama harambee. Mimi niko huku Kisumu kikazi na nasema bila kuogopa, ushairi ni wa pwani tangu Muyaka, mshairi wetu wa zamani, nyinyi wa bara mizani mnahesabu kwa vidole na bado inapungua.

Mwana Kondele: Ati nini? Si urudi kwenu basi, kwani umefungwa kamba Kisumu

Section 58: Kithaka wa Mberia ni wa Tharaka na anaandika kuwashinda, bahari iko wapi Tharaka?

Mvita Halisi: Huyo anaandika mashairi huru, hayana vina hayana mizani, hizo ni insha zimekatwakatwa.

Mwalimu Kakamega: Wacha hizo bana, hiyo vita ya guni, mashairi yasiyo na vina wala mizani, ilipiganwa tangu Kezilahabi na diwani yake Kichomi miaka ya sabini ikaisha. Na kama ni Kiswahili, Ken Walibora alitoka huku kwetu magharibi, Siku Njema ikasomwa mpaka shuleni kwenu pwani. Mhusika mkuu Kongowea anatoka Tanga anakuja kumtafuta babake Kitale. Mnatufuata nyinyi!

Mvita Halisi: Riwaya hiyo mwalimu. Tunaongea ushairi. Leteni ubeti mmoja tu hapa, wenu, si wa kunakili.

Mwana Kondele: Haya shika

*Wa Mvita umesema, mashairi hatujui,*
*Mbuta wetu wala vyema, fadhila huzitambui,*
*Ukishiba unahema, watwambia hatukui.*

Hesabu sasa. Na vidole vyako utumie.

Section 58: 😂😂😂 nane kwa nane walai

Mvita Halisi: Mizani imetimia, sikatai. Lakini mbuta hata si samaki wenu, Wazungu ndio walimtia ziwani miaka ya hamsini, akamaliza fulu zenu, wale samaki wadogo. Msifieni ngege, samaki wenu hasa, kama mnataka kusifu.

Mwalimu Kakamega: Kumbe mbuta naye mgeni na amepewa uraia, Okot ananyimwa kwa nini?

Mwana Kondele: Mwalimu usiingize Okot hapa, huyu mtu ametusi samaki. Mbuta imesomesha watu hapa Kisumu, ungejua karo zilizolipwa na hiyo samaki ungenyamaza.

Section 58: Na viwanda vikachukua minofu yote ikaenda Ulaya, nyinyi mkabaki na mgongo wazi, mifupa tu na kichwa 😂

Mwana Kondele: Mgongo wazi ukikaangwa poa unashinda hiyo samaki ya friji mnauziwa Nakuru

Mvita Halisi: Hapo nakuunga mkono. Ngege ya leo hapo ufuoni Dunga ni pesa ngapi, na jioni wanafunga saa ngapi?

Mwana Kondele: Enda mapema. Na usimwambie mama wa huko mambo ya mizani.